Kipupwe cha Kagera: Tunapoambiwa "Huenda", Tuamue Vipi?

Kila mwaka, unapokaribia mwezi wa Juni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe, msimu wa baridi na upepo unaoanza Juni na kumalizika Agosti. Taarifa hiyo husomwa redioni, husambazwa katika simu, na baada ya Swala ya Isha huwa mazungumzo ya barazani. Kwetu sisi watu wa Bukoba na Muleba hupokewa kwa namna mbili. Wako wanaoipuuza, wakisema kwamba baridi ya kweli iko Makete na Njombe, ambako alfajiri barafu nyembamba huonekana juu ya majani, na kwamba Kagera ni nchi ya mvua na migomba. Na wako wanaoichukua kama ahadi: wakiambiwa kutakuwa na baridi na mvua, nazo zisije siku waliyoitarajia, husema kwamba wataalamu wametudanganya.

Makundi haya mawili yanaonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja. Yote yanataka taarifa iseme "ndiyo" au "hapana". Taarifa ya hali ya hewa haisemi hivyo. Husema "huenda". Na neno "huenda", ndugu msomaji, si neno la kutupwa. Ni neno lenye uzito wake, na mwenye familia hana budi kujua namna ya kulipima, kwa sababu siku moja atalazimika kulitolea uamuzi.

Tuanze na nchi yetu yenyewe. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bukoba umekaa ukingoni mwake, kidogo tu kusini mwa mstari wa Ikweta. Maji ya ziwa hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku, hata mjini usiku wa Julai joto huwa karibu nyuzi 16 tu za selisiasi, wala halishuki sana. Lakini panda kidogo. Pita Kemondo, pita Muhutwe, kwea hadi Kamachumu, au endelea hadi Nshamba. Huko ziwa liko mbali chini, upepo wa kusi hauna kizuizi, na usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi. Mtu aliyelala Kashai kwa shuka moja atahitaji blanketi mbili Kamachumu usiku uleule. Kwa hiyo anayesema "Kagera hakuna baridi" anazungumzia mtaa wake, si mkoa wake.

Theluji hatuna. Karibu na Ikweta, mpaka ambao juu yake maji huganda hewani uko juu mno, na ndiyo maana theluji yetu Afrika Mashariki imebaki vileleni: Kilimanjaro, wenye mita 5,895, Mlima Kenya, na Rwenzori iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo. Lakini barafu hutufikia kwa njia nyingine, nayo ni mvua ya mawe. Wingu la ngurumo katika ukanda wa ziwa linaweza kupanda juu mno, likauvuka mpaka huo wa kuganda. Upepo wa ndani ya wingu hupandisha matone hadi huko, yakaganda, yakashuka, yakapandishwa tena na kuvikwa tabaka jingine la barafu, mpaka yanapokuwa mazito kuliko nguvu ya upepo ndipo yanapoanguka. Hivyo mawe ya barafu huweza kuangukia shamba ambalo saa moja kabla lilikuwa likichomwa na jua. Na pamoja na mawe hayo huteremka hewa baridi kutoka juu, joto likashuka ghafla ndani ya dakika chache.

Mkulima wa kibanja anaijua mvua hiyo. Huchana majani ya migomba yakawa kama nyuzi, huangusha maua ya maharage, na ikikuta kahawa imeanikwa huilowesha yote. Lakini isidhaniwe kwamba hasara yake huishia shambani. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe yenye upepo ilipiga Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizowaangukia. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sasa, kwa nini wataalamu wasituambie waziwazi kwamba mawe yataanguka Rubya saa tisa alasiri na Ibwera hayataanguka? Kwa sababu ziwa hili, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, hujitengenezea hali yake yenyewe. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, na hewa ya pande zote za ziwa huelekea katikati, ikakutana na kupanda, mawingu ya ngurumo yakajengeka juu ya maji. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea kwetu, na ndiyo sababu mtu wa Bukoba amezoea kuamshwa na radi kabla ya Alfajiri, wakati mtu wa bara huisubiri mvua jioni. Ndiyo sababu pia Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Biharamulo, iliyo mbali na ziwa, hupata karibu nusu ya hizo. Lakini wingu moja la ngurumo lina upana wa kilomita chache tu. Mtaalamu anaweza kujua kwamba kesho mawingu ya aina hiyo yatajengeka, asijue ni kijiji gani kitakuwa chini yake. Kusema "maeneo machache" si kukwepa swali. Ni kueleza kwa uaminifu mpaka wa ujuzi wake.

Vilevile inafaa tuelewe neno "wastani", ambalo hupotosha wengi. Mwelekeo wa msimu unaposema joto litakuwa chini ya wastani, hausemi kwamba kila usiku utakuwa wa baridi kali. Unasema kwamba, ukijumlisha miezi mitatu na kuilinganisha na miaka mingi iliyopita, kwa kawaida miaka 30, mizani imeelemea upande wa ubaridi. Ndani ya msimu huo utakuwapo usiku wa joto, na katika msimu uliotabiriwa kuwa na joto utakuwapo usiku wa kutetemesha meno. Mwelekeo wa msimu humfaa mtu anayepanga: anunue blanketi, atengeneze paa, aandae turubai la kuanikia kahawa. Anayetaka kujua kama asafiri Jumamosi asitafute jibu humo. Ataitafuta taarifa ya siku tano na taarifa ya kila siku.

Na katika taarifa hizo fupi, pale Mamlaka inapotoa angalizo au tahadhari, kuna mistari miwili ambayo wengi wetu tunaipita bila kuitazama. Mmoja hueleza uwezekano wa jambo kutokea: mdogo, wa wastani, au mkubwa. Wa pili hueleza kiwango cha athari iwapo litatokea. Mistari hii ni mambo mawili tofauti kabisa. Jambo linaweza kuwa na uwezekano mkubwa na athari ndogo, kama manyunyu. Na linaweza kuwa na uwezekano mdogo na athari isiyoweza kurekebishwa.

Hilo nililielewa kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu.

Alizaliwa mwishoni mwa Agosti, kabla ya wakati wake, akiwa na uzito wa kilo mbili na gramu mia moja. Mama yake aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya nne. Muuguzi alitusisitiza jambo moja kuliko yote: joto. Alisema mtoto wa uzito huo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na mwili wake hupoteza joto upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Akipoa hushindwa kunyonya, akishindwa kunyonya hukosa nguvu ya kujipasha joto, na hali hiyo huzunguka mpaka mtoto anakuwa hatarini huku watu wakidhani amelala tu. Alituonyesha namna ya kumweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na soksi, kisha wafunikwe wote wawili.

Wakati huohuo tulikuwa na mzee wetu Kamachumu. Baba alikuwa amepatwa na kiharusi miaka miwili nyuma, na tangu hapo hakuweza kusafiri. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba akika ifanyike nyumbani kwake siku ya saba, naye amwone mjukuu. Siku ya saba iliangukia Jumamosi. Mbuzi alikwisha kununuliwa, mchele ulikuwa ndani, jamaa wa Muleba walikwisha kualikwa, na ustadhi alikwisha kukubali.

Alhamisi usiku, kaka alisoma katika simu yake taarifa ya siku tano. Kulikuwa na angalizo la Jumamosi: vipindi vya mvua kubwa na ngurumo, katika maeneo machache ya ukanda wa Ziwa Victoria. Uwezekano wa kutokea, wastani. Kiwango cha athari, wastani. Barafu haikutajwa, lakini wazee waliokuwapo walisema kile wanachokijua: mvua za kwanza baada ya ekyanda, yaani baada ya kiangazi chetu, ndizo zinazopenda kuja na mawe.

Shangazi hakufurahishwa. "Mwanangu," aliniambia, "mvua ya Kagera tukiiogopa kwa kila taarifa, hatutaoza wala hatutazika. Mimi nilimbeba baba wa watoto hawa mgongoni katika mvua hiyohiyo." Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: "Mnahesabu siku za mtoto. Na siku za baba yenu mnazihesabu nani?"

Nasema neno hilo halikuwa na jibu kwa sababu lilikuwa la haki. Watu hudhani kwamba tahadhari ni bure, kwamba anayeahirisha hapotezi kitu. Sivyo. Kuahirisha kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ingeweza kuwa mzee kuondoka duniani bila kumwona mjukuu aliyemsubiri. Hatukuwa tukichagua kati ya hatari na usalama. Tulikuwa tukichagua kati ya hofu mbili, na yote mawili yalikuwa "huenda".

Ndipo kaka alipouliza swali lililotufungua macho. Alisema: "Hapa wameandika athari ni za wastani. Za wastani kwa nani?" Tukanyamaza. Kwa mtu mzima aliye ndani ya Hiace, mvua kubwa na mawe ni safari kuchelewa, nguo kulowa, matope. Kwa mtoto wa kilo mbili, gari likikwama katika kilima cha Kamachumu, joto likishuka ghafla, nguo za mama zikilowa, athari hiyo si ya wastani hata kidogo. Mamlaka imeandika mstari wa pili kwa ajili ya watu wote wa mikoa yote ya ziwa. Haimjui mtoto wetu. Mstari wa kwanza, ule wa uwezekano, ni wa wataalamu, nasi hatuna ujuzi wa kuubadilisha. Lakini mstari wa pili kila nyumba inapaswa kuuandika upya, kwa kuangalia ni nani aliye ndani yake.

Tukampigia Baba. Maneno yake hayakuwa mepesi kutoka tangu apatwe na maradhi yale, lakini haya yalitoka. "Mtoto ni amana," alisema. "Mleteni siku yenye jua." Basi akika ikasogezwa hadi siku ya kumi na nne, jambo ambalo wanazuoni wengi wameliruhusu, na jamaa wakaarifiwa. Usiku uleule mdogo wangu akamwonyesha mzee mtoto kwa simu ya picha, ili ikiwa Mwenyezi Mungu angekadiria vingine, asiondoke bila kuuona uso wake.

Jumamosi ikafika. Alfajiri ngurumo zilisikika mbali ziwani, na wingu jeusi lilisimama upande wa kisiwa cha Musira. Kufikia saa nne lilikuwa limetawanyika, na jua likawaka juu ya Bukoba. Kamachumu kulipita manyunyu mepesi, yasiyolowesha hata ua. Kufikia Adhuhuri simu zilikuwa zimeanza. Binamu mmoja aliuliza mvua tuliyoikimbia iko wapi. Mwingine alisema tumefundishwa woga na simu. Shangazi hakusema kitu, lakini ukimya wake ulisikika vizuri kuliko maneno yao.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema katika makala hii. Je, tulikuwa tumetishwa bure? Nasema hapana, na ningesema hapana hata kama jua la siku ile lingewaka mara mbili. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana ulipofanywa, haupimwi kwa yale yaliyodhihirika baadaye. Mtu anayevuka barabara amefumba macho akafika salama hakuamua vizuri kwa kuwa amefika. Na mtu aliyesimama kusubiri lori, lori likakata kona kabla ya kumfikia, hakukosea kwa kusimama. Tukizoea kuhukumu tahadhari kwa matokeo yake tu, basi kila mara mvua inapokosa kuja tutajifunza kupuuza zaidi, mpaka siku itakapokuja ikatukuta tumekwisha kufundishika kuipuuza.

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na angalizo lolote. Tulichagua saa za joto: tuliondoka Bukoba saa nne asubuhi, mtoto akiwa kifuani mwa mama yake ndani ya kitenge na blanketi, madirisha ya upande wao yakiwa yamefungwa, na nguo kavu za akiba zikiwa katika mfuko wa plastiki. Kabla ya Adhuhuri tulikuwa Kamachumu. Baba alikalishwa ukumbini juu ya mkeka, akaegemezwa mito, na mtoto akawekwa juu ya mkono wake mzima, mdogo wangu akiwa amemshikia kwa chini. Aliomba jina litajwe mara ya pili, kisha la tatu. Shangazi ndiye aliyelitaja mara ya tatu, naye akawa wa kwanza kusema kwamba mkono wa mzee umechoka, mtoto arudishwe kifuani apate joto.

Tukaondoka saa nane na nusu. Tulipofika Kemondo mvua ikatupiga, mvua ya kweli, siku ambayo hakuna aliyetuonya. Tulikuwa garini, mtoto alikuwa kifuani, nguo za akiba zilikuwapo. Dereva alisimama pembeni kwa robo saa mpaka ilipopungua. Hivyo Jumamosi yenye angalizo tulipata jua, na Jumamosi isiyo na angalizo tulipata mvua. Asiyeelewa atasema taarifa hizo hazina maana. Anayeelewa atajua kwamba "uwezekano mdogo" nao ni uwezekano, na kwamba maandalizi mema hayasubiri kuambiwa.

Baadhi ya ndugu zetu huona kwamba kufuatilia utabiri ni kuingilia mambo ya ghaibu. Nadhani neno "utabiri" lenyewe limechangia kutia shaka hiyo, kwa kuwa hutumika pia kwa wapiga ramli. Lakini mtaalamu anayepima joto, upepo na unyevu, kisha akasema mawingu yatajengeka, hana tofauti na mzee wa kibanja anayetazama ziwa likibadilika rangi akaita watoto waanue kahawa. Wote wawili wanasoma alama ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka katika viumbe vyake, na wote wawili husema "inatarajiwa", hawasemi "lazima". Katika Suratun-Nur, aya ya 43, tunakumbushwa kwamba barafu iteremkayo kutoka katika milima ya mawingu humfikia Amtakaye Mola na kuepushwa na Amtakaye. Hilo ni la Mola. Kuanua kahawa ni letu.

Na dini yetu haikuiacha baridi bila kuizungumzia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimwamuru mwadhini, usiku wa baridi au wa mvua, awatangazie watu wasali pale walipo, katika makazi yao. Imepokewa pia na Abu Daud kwamba Amr bin al-As, akiwa katika msafara wa Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia kuangamia iwapo angeoga, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Mtume alipomuuliza, akaeleza kwamba aliikumbuka kauli ya Mwenyezi Mungu inayokataza watu kujiua. Mtume alicheka, wala hakumlaumu. Zingatia, ndugu msomaji: Amr hakuwa na yakini kwamba angekufa. Alikuwa na hofu yenye msingi, akaipima kwa ukubwa wa madhara. Ruhusa hiyo ina masharti yake, na kila mmoja awaulize wanazuoni wa karibu naye. Ninachokitaja hapa ni kipimo chenyewe.

Kwa kuwa kurasa hizi husomwa na akina mama na akina baba, naomba nimalizie kwa mambo machache ya nyumbani, ambayo kipupwe huyadai kila mwaka.

La kwanza ni jiko la mkaa. Usiku wa baridi wengi huliingiza chumbani, wakafunga mlango na madirisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyelala haamki kuomba msaada. Jiko lipashe chumba joto mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya mtu kulala, hata kama linaonekana limekwisha kuzima.

La pili ni moshi. Watoto wengi wanaokohoa kipupwe hawaugui kwa sababu ya ubaridi peke yake, bali kwa sababu baridi huwasukuma watu wengi ndani ya chumba kimoja, pamoja na moshi wa kuni. Mpe mtoto nguo ya ziada, na uuache upenyo wa hewa. Na mtoto anayepumua kwa haraka, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anayekataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Hilo si jambo la kusubiri jua.

La tatu ni wazee. Mzee hupoa kama mtoto anavyopoa, lakini hasemi. Maji ya udhu ya Alfajiri yapashwe moto kidogo. Kijana wa nyumba anaweza kuyaandaa, na ni ibada yake kufanya hivyo.

La nne ni kahawa na chakula. Kipupwe ndicho kipindi cha kuanika, na Bukoba haina mwezi mkavu kabisa, hata Julai mvua hupita. Turubai liwe karibu na kahawa, lisiwe stoo. Iliyolowa ikarundikwa hivyohivyo huota ukungu, na bei yake hushuka pamoja na ubora wake.

La tano ni wanaovuka maji. Wengi wetu tuna ndugu Bumbire, Ikuza na Goziba. Wavuvi na abiria wa mitumbwi wasikilize taarifa ya ziwa, ya upepo na ya urefu wa mawimbi, kabla ya kuondoka, na boya livaliwe, lisikaliwe. Hali mbaya ya hewa juu ya ziwa letu haimchagui mtu kwa chombo chake. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia ziwani, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki dunia. Wavuvi wetu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa.

Zaidi ya hayo yote, naomba kila nyumba ijizoeze kuuliza maswali mawili kila inaposikia taarifa. Je, wataalamu wamesema uwezekano ni wa kiasi gani? Na je, likitokea, litamkuta nani katika nyumba hii? Jibu la swali la kwanza litatoka redioni. Jibu la swali la pili anaye mama wa nyumba, anayejua nani anakohoa, nani hajatimiza arobaini, nani ameondoka na mtumbwi, na paa gani halijapigiliwa misumari. Nyumba yenye vijana wanne wenye afya na nyumba yenye mtoto wa kilo mbili zinaweza kusikia taarifa moja, zikaamua mambo mawili tofauti, na zote mbili zikawa sahihi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mvua zenye manufaa, atuepushe na zenye madhara, na atupe busara ya kuwalinda wale aliowaweka chini ya uangalizi wetu. Wabillahi tawfiq.